Anwani ya Umma na Ushahidi Wake

Mtu anapoipigia simu kampuni inayomuuzia intaneti, akashitaki kwamba tangu alfajiri kurasa nyingine zinafunguka na nyingine zinagoma, swali ambalo ni nadra kulikwepa ni hili: anwani yako ya umma ni ipi? Aghalabu muulizwa husita, kisha huingia kwenye mipangilio ya simu yake akasoma tarakimu zinazoanza na 192 zikafuatwa na 168. Na karani aliye upande wa pili, iwapo ni mstahimilivu, humwambia kwa upole kwamba sizo, na iwapo si mstahimilivu humwamuru azime ruta na kuiwasha upya, jambo ambalo wakati mwingine hufaa lakini halimwachii mteja ilimu yoyote. Mazungumzo yangu ya leo yahusu tarakimu hizo alizotakiwa azitaje: jinsi ya kuzipata, mambo ambayo fundi au mtu wa kawaida aweza kuyasoma ndani yake anapoitafuta kasoro ya mtandao wake, na mambo ambayo tarakimu hizo haziyajui kabisa, ingawa watu wengi, na baadhi yao ni wenye mamlaka, huapa kwamba zinayajua.

Yafaa tuanze na uhaba wa anwani, kwa kuwa asiyeufahamu uhaba huu mengine yote yatamwia kitendawili. Kanuni ya anwani za intaneti ambazo wengi wetu tunazitumia mpaka leo ilitolewa Septemba 1981, ikihaririwa na Jon Postel wa California, bwana mwenye ndevu ndefu ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akitunza hesabu ya nani kapewa tarakimu zipi. Anwani moja imefanywa sehemu nne zilizotengwa kwa nukta, na kila sehemu haiwezi kupungua 0 wala kuzidi 255. Ukizipiga hesabu zote utapata 4,294,967,296, wala haiongezeki hata moja. Katika zama zile, ambapo tarakilishi zilizounganishwa zilikuwa mia kadhaa tu, idadi hiyo ilionekana haina ukomo, hata chuo kimoja, MIT cha Massachusetts, kikapewa peke yake anwani 16,777,216, na kampuni ya magari ya Ford ikapewa kadiri hiyo hiyo, na hakuna aliyeona ajabu. Tarehe 3 Februari 2011, katika mji wa Miami, mafungu matano ya mwisho ya ghala kuu yakagawanywa kwa wasajili watano wa dunia, kila mmoja fungu moja, na ghala likabaki tupu. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilinunua anwani 666,624 kutoka katika mali ya Nortel, kampuni ya Kanada iliyokuwa imefilisika, kwa dola milioni 7.5, yaani tarakimu tupu, zisizoshikika wala kuonekana, zikaingia katika mirathi ya mfilisika pamoja na majengo na hataza.

Afrika ilifika katika ugawaji huu siku zikiwa zimekwenda. Msajili wetu, AFRINIC, mwenye makao yake Ebene katika kisiwa cha Mauritius, alitambuliwa rasmi mwaka 2005, miaka sita tu kabla ya ghala kukauka, na kabla ya hapo waliotaka anwani barani humu walikuwa wakiziomba kwa wasajili wa Ulaya na Marekani. Siyataji haya kwa ajili ya kulalamika. Nayataja kwa sababu yana athari mezani pa kila fundi wa Mombasa, Kampala au Mwanza anapojaribu kuijua anwani ya mteja wake.

Athari yenyewe ni hii, kwamba anwani hazikutosha, basi watu wakazichangia. Mwezi Februari 1996 ilitolewa kanuni iliyotenga mafungu matatu ya matumizi ya ndani tu, yaani zile zinazoanza na 10, zile zilizo kati ya 172.16 na 172.31, na zile za 192.168 ambazo karibu kila ruta ya nyumbani huzigawa kwa simu, runinga na tarakilishi zilizomo ndani. Mafungu hayo kila nyumba duniani yaweza kuyatumia, na kwa hiyo hayamtambulishi yeyote. Ruta huzipokea pakiti za nyumba nzima, ikazivua anwani zake za ndani na kuzivika anwani moja ya nje, kisha ikakumbuka jawabu lipi limrudie nani. Hata hivyo haikutosha, na mwezi Aprili 2012 likatengwa fungu jingine, kuanzia 100.64 mpaka 100.127, ili kampuni za intaneti zenyewe zifanye kwa mitaa mizima jambo lile ambalo ruta hulifanya kwa nyumba. Ndiyo maana leo mteja wa simu ya mkononi aweza kuwa ameketi nyuma ya anwani moja ya umma pamoja na mamia ya watu asiowajua. Mfano ulio karibu nasi ni sanduku la posta la shule: barua huandikwa namba moja, posta hujua sanduku limekodiwa na nani na liko katika tawi gani, lakini ni nani kati ya wanafunzi mia nne aliyeiandika barua iliyotoka humo, na usiku analala bweni gani, posta haijui wala haiwezi kujua.

Kuipata anwani ya nje si kazi ngumu, wala hakuna miujiza ndani yake. Mtu hufungua ukurasa wowote miongoni mwa kurasa nyingi zinazotoa huduma hiyo bure, na ukurasa ule humrudishia tarakimu zile zile ambazo ombi lake lilifika nazo, kwa kuwa pasipo tarakimu hizo usingejua jawabu ulipeleke wapi. Linalotaka uangalifu ni hali ya mtu mwenyewe wakati anapouliza. Aliyewasha VPN asubuhi ili atazame mpira, akaisahau, ataonyeshwa anwani ya nchi nyingine na kupoteza mchana kutwa akitafuta kosa lisilokuwepo. Na anayetumia Opera Mini katika hali yake ya kubana data huenda akaiona anwani ya seva za kampuni hiyo ya Norway, maana ndizo zinazomwendea sokoni kwa niaba yake. Zima kwanza yaliyo katikati, ndipo uulize.

Jambo la pili, nalo ndilo fundi mzoefu hulifanya bila ya kufikiri, ni kuilinganisha anwani iliyoonyeshwa na ukurasa wa nje na ile iliyoandikwa ndani ya ruta yenyewe, mahali panapotaja upande wa mtandao wa nje. Zikiwa sawa, anwani ni yako peke yako, walau kwa leo. Zikihitilafiana, na hasa ile ya ndani ya ruta ikianza na 100.64 au mojawapo ya zinazoifuatia mpaka 100.127, basi ujue kwamba umechangishwa, na papo hapo maswali mengi yaliyokuwa yakikusumbua yamekwisha kujibiwa. Kamera uliyoifunga dukani haionekani ukiwa safarini kwa sababu hakuna mgeni wa nje awezaye kubisha moja kwa moja kwenye anwani isiyokuwa yako. Kufungua poti katika ruta yako, hata ukifanya hivyo mara kumi, ni kufungua mlango wa chumba ilhali lango la uani limefungwa na mwingine. Vilevile ukurasa unaokutuhumu kwamba u mashine, ukakulazimisha kuchagua picha za pikipiki na mataa ya barabarani kabla haujakuruhusu, pengine hauna neno nawe. Una neno na mmoja wa wale mlioshirikiana anwani. Dawa zake kuu ni mbili: kuiomba kampuni anwani ya peke yako, ambayo aghalabu hulipiwa zaidi, ama kutumia anwani za mfumo mpya wa IPv6, ambao kanuni yake ilikamilika mwaka 1998 na ambao kampuni kubwa za dunia ziliuwasha rasmi tarehe 6 Juni 2012. Penye mifumo yote miwili, pima yote miwili, kwa sababu hutokea mmoja ukawa mzima na mwingine umekatika, na mteja akaona tu kwamba mtandao una kigugumizi.

Sasa tuseme anwani imepatikana. Nani mwenye dhamana nayo? Hapa ndipo tunapoingia katika daftari la wasajili, ambalo lina nasaba ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1970, mtandao uliotangulia huu wetu ulikuwa na kituo cha maarifa huko Menlo Park, California, kikiongozwa na Bibi Elizabeth Feinler, na aliyetaka kujua tarakilishi fulani ni ya nani na asimamiaye ni yupi alikuwa akiliendea daftari la kituo hicho, ambalo kwa muda lilichapishwa kama kitabu cha simu. Mwaka 1982 ikaandikwa kanuni ya kuliuliza daftari hilo kwa njia ya mtandao wenyewe, huduma inayoitwa WHOIS, na ingawa siku hizi yuko mrithi wake aitwaye RDAP mwenye majibu yaliyopangika vizuri zaidi, mafundi bado wanasema lile jina la kale. Ukiliuliza kuhusu anwani moja, daftari litakujibu kwa kutaja fungu zima ambamo anwani hiyo imo, taasisi iliyokabidhiwa, nchi ya usajili, tarehe, na barua pepe ya kupelekea malalamiko.

Barua pepe hiyo ya malalamiko ndiyo mstari ulio na faida kubwa kuliko yote, na ndio mstari ambao watu huuruka. Ofisi yenye seva yake ya barua, ikigundua kwamba barua zake zinakataliwa na wenzao wa Ujerumani, haina haja ya kuanza kumshuku mfanyakazi mgeni. Na itazame kwanza kama anwani yake ya umma imo katika orodha ya Spamhaus ya wanaoshukiwa kutuma barua taka, ambayo huorodhesha pia mafungu mazima yaliyokusudiwa wateja wa majumbani na ambayo hayakutazamiwa kutuma barua moja kwa moja, kisha iulize daftari ni nani mwenye fungu hilo, imwandikie yeye. Mara nyingi mwenye fungu ni kampuni ile ile inayowauzia intaneti, na haina habari.

Na daftari lenyewe lichukuliwe kwa tahadhari. Mwaka 2021 AFRINIC ilitangaza, baada ya kulikagua daftari lake, kwamba anwani zaidi ya milioni 4 zilikuwa zimechukuliwa kinyume cha haki, nyingine kwa kugeuzwa maandishi ya umiliki ndani ya daftari lenyewe. Kesi zikafuatana katika mahakama za Mauritius, hata mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya huko ikamteua mpokezi rasmi wa kuisimamia taasisi. Basi tarehe ya badiliko la mwisho, ambayo imeandikwa chini kabisa ya jawabu, nayo isomwe.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika daftari hilo. Imo katika ramani. Kurasa zile zile zinazomwonyesha mtu anwani yake humwonyesha pia mji, mara nyingine hata alama nyekundu juu ya nyumba, na jicho la mwanadamu huisadiki alama nyekundu kuliko linavyosadiki maneno mia. Nani aliyeiweka alama ile? Si msajili, wala si kampuni ya simu, bali ni wafanyabiashara wa makisio, wanaokusanya dalili za huku na huko wakasema kwamba fungu hili yumkini linatumika mahali fulani. Mmoja wao, MaxMind wa Marekani, alipohitaji kuweka nukta ya jumla kwa anwani ambazo hakujua zaidi ya kwamba zimo nchini Marekani, alichukua kitovu cha nchi hiyo, akakikaribisha kwenye tarakimu nzima ili isomeke kwa urahisi, yaani nyuzi 38 kaskazini na nyuzi 97 magharibi. Na makutano ya nyuzi hizo, kwa kudra, yaliangukia katika ua wa shamba moja karibu na kijiji cha Potwin, katika jimbo la Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zikawa zinaelekezwa shambani humo. Askari walifika wakitafuta wezi, wapelelezi wa serikali kuu wakaja wakitafuta wahalifu wa fedha, magari ya wagonjwa yakaja kuwaokoa watu waliotishia kujidhuru, na watu waliotapeliwa mtandaoni wakaja kwa hasira zao. Yupo hata aliyewaachia wenyeji choo kibovu barabarani. Mkuu wa polisi wa wilaya aliona hana budi kusimamisha kibao penye njia ya kuingilia, akiwakataza watu kuwaendea wakazi wale na kuwataka wampigie simu yeye. Sababu haikujulikana mpaka mwaka 2016, mwandishi wa habari Kashmir Hill alipoifuatilia, na kampuni ikaihamishia nukta yake katikati ya ziwa, magharibi ya mji wa Wichita, ambako hakuna wa kugongewa mlango ila samaki.

Wala msiseme hayo ni ya Marekani peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mwandishi huyo huyo alieleza habari ya nyumba moja ya Pretoria, Afrika ya Kusini, iliyokuwa ikiendewa na polisi na watu waliokuwa wakitafuta simu zao zilizoibwa, kwa sababu idara ya ramani ya serikali ya Marekani ilikuwa imeiweka nukta ya mji wa Pretoria juu ya ua wa nyumba hiyo, na wauza makisio wakainakili. Kwetu kosa hili huja kwa sura ya upole zaidi: mteja wa simu aliyeketi Tanga huonyeshwa Dar es Salaam, na wa Kisumu huonyeshwa Nairobi, kwa kuwa huko ndiko mitambo ya kampuni inakotokea kwenye intaneti ya dunia. Fundi aufahamuye ukweli huo hulitumia hata kosa lenyewe, kwa maana humjulisha trafiki ya mteja inatokea wapi. Asiyeufahamu humwambia mteja kwamba ameingiliwa na wadukuzi.

Ikiwa anwani ni salama na daftari halina neno, imebaki njia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Van Jacobson wa maabara ya Berkeley aliandika programu ndogo, traceroute, iliyojengwa juu ya hila nzuri mno: kila pakiti hupewa umri, kila ruta inayoipitisha huupunguza kwa moja, na ile ambayo umri hukatikia mikononi mwake hurudisha taarifa ya msiba pamoja na anwani yake, basi ukizituma pakiti za umri wa 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea, utaziona ruta za njiani moja baada ya moja. Kila anwani inayojitokeza waweza kuiulizia daftarini, nawe ukajua mahali ambapo dhamana hutoka kwa kampuni yako ikaingia kwa nyingine. Nyota tatu mahali pa jawabu si ushahidi wa kukatika, kwani ruta nyingi zimekatazwa kujibu. Kinachotiliwa maanani ni nyota zinazoanza mahali fulani na zisikome mpaka mwisho. Na kabla ya yote hayo, jaribu kuifikia anwani kwa tarakimu zake: ikiitika ilhali jina lake haliitiki, kosa liko katika huduma ya majina, wala mkongo wa baharini haukukatika.

Kwa programu hii hii mtu wa Nairobi angeweza kuona, mwishoni mwa karne iliyopita, jambo lililokuwa aibu kubwa: barua ya jirani kwa jirani ilipanda kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, ikashuka Ulaya au Marekani, ikarudi kwa njia hiyo hiyo mpaka ng'ambo ya barabara. Kituo cha kubadilishana trafiki, KIXP, kilifunguliwa mwezi Novemba 2000, kikafungwa muda si mrefu baada ya Telkom Kenya kudai kwamba kinaingilia haki yake ya pekee, na hakikufunguliwa tena mpaka Februari 2002. Dar es Salaam ikapata chake mwaka 2004. Hata leo, njia inayotoka Arusha kwenda Arusha ikipitia London yastahili kuandikiwa barua.

Yapo pia makosa ambayo daftari husema hivi na njia ikasema vile. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom, iliyoamriwa kuifungia YouTube ndani ya nchi, ilitangaza kwamba njia ya sehemu ya anwani zake ni kwake, na tangazo hilo likavuja likasambaa duniani, hata YouTube ikatoweka kwa muda wa saa mbili hivi. Daftarini anwani zilikuwa za YouTube wakati wote huo. Mambo ya namna hii mtu wa nyumbani hayawezi, lakini akiyajua hataibomoa ruta yake bure.

Basi unapoiandikia kampuni, au unapoandikia ile barua pepe ya malalamiko, taja anwani yako ya umma na ile unayoshindwa kuifikia, weka matokeo ya njia kama yalivyo pasipo kuyafupisha, na iwapo lawama inahusu anwani iliyochangiwa, taja na namba ya poti, kwa kuwa tangu Juni 2011 wenye seva wamekuwa wakinasihiwa waihifadhi, na pasipo hiyo kampuni haiwezi kuwapambanua wateja wake. La mwisho ni wakati. Kumbukumbu za mitambo aghalabu huandikwa kwa saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, nasi kwa desturi yetu twahesabu saa tangu macheo na tangu machweo. Kwa hiyo anayeandika kwamba mtandao ulikatika saa mbili na robo usiku, barua yake ikasomwa na mhandisi wa Amsterdam, atatafutiwa habari za saa nyingine kabisa. Aandike 20:15 Afrika Mashariki, yaani 17:15 Greenwich, pamoja na tarehe, kisha aihifadhi namba ya shauri atakayopewa, maana akipiga simu tena ndiyo watakayomuuliza.